Mazoea ya Kuvuka Cheo: Istilahi ya Kijeshi na Kiswahili Chake

Katika kanuni za majeshi ya Marekani limo neno "fraternization", na kila anayelitafsiri kwa Kiswahili hukwama. Tungeweza kuliandika fratanaizesheni tukaendelea na safari, kama tulivyofanya kwa maneno mengi ya kijeshi tuliyoyapokea tangu enzi za jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles). Nadhani tungewakosea wasomaji. Neno hili huamua nani aruhusiwe kumchumbia nani, nani asimkopeshe nani hela, na nani apandishwe mahakama ya kijeshi kwa jambo ambalo uraiani hata polisi wasingeliuliza. Wanaolihitaji kwa Kiswahili nao wapo. Kijana wa kwetu aliyehamia Marekani na kupata kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kujiunga na jeshi la huko kabla hajawa raia, ila uafisa hapewi mpaka uraia ukamilike. Kwa hiyo huanzia chini, upande wa askari, na huo ndio upande ambao kanuni hii hasa imekusudia kuulinda.

Shina la neno ni la Kilatini, frater, yaani ndugu wa kiume. Kufanya fratanaizesheni ni kufanyana ndugu. Maana iliyojulikana sana vitani ilihusu adui. Krismasi ya 1914, huko Flanders na kaskazini mwa Ufaransa, askari wa Uingereza na wa Ujerumani walitoka kwenye mahandaki yao, wakapeana mikono na sigara, wakazika maiti wao. Makamanda wa pande zote mbili walitoa amri jambo hilo lisirudiwe. Hapo Kiswahili hakina shida: askari walipatana na adui.

Miaka 30 baadaye neno likabadilika. Majeshi ya Washirika yalipokuwa yakikaribia Ujerumani mwaka 1944, kamanda wao mkuu, Jenerali Eisenhower, aliwapiga marufuku askari wake kuchangamana na raia wa Kijerumani: kuwatembelea nyumbani, kunywa nao, kucheza dansi nao, hata kupeana mikono. Faini iliyojulikana kwa kila askari ilikuwa dola 65, wakati mshahara wa msingi wa askari wa cheo cha chini kabisa ulikuwa dola 50 kwa mwezi. Marufuku hayo hayakudumu. Juni 1945 askari waliruhusiwa kuongea na watoto, Julai wakaruhusiwa kuongea na watu wazima hadharani, na Oktoba sehemu kubwa ya amri ikaondolewa. Kuoa Mjerumani kuliendelea kukatazwa mpaka Desemba 1946. Hapa pia tuna neno letu lililo tayari: kuchangamana na wenyeji.

Maana ya tatu ndiyo ngumu. Inahusu watu wa jeshi moja, mara nyingi wa kikosi kimoja, wanaovaa sare moja na kula chakula kilekile, ila vyeo vyao havilingani. Ni mila ya kale katika majeshi yaliyotokana na utaratibu wa Kiingereza: afisa ana bwalo lake, askari wana lao. Marekani waliiingiza mila hiyo kama kosa linalojitegemea katika mwongozo wao wa mahakama za kijeshi mwaka 1984, chini ya kifungu cha 134 cha Sheria ya Pamoja ya Haki ya Kijeshi iliyopitishwa mwaka 1950. Ili mashtaka yasimame, mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba mshtakiwa ni afisa, kwamba alichangamana na askari kana kwamba vyeo vyao ni sawa, kwamba alijua yule ni askari, kwamba kitendo kilivunja mila ya jeshi lake, na kwamba kiliharibu nidhamu au kulivunjia jeshi heshima. Adhabu ya juu ni kufukuzwa uafisa, kupoteza mishahara na marupurupu yote, na kifungo cha miaka 2.

Anayeshtakiwa kwa kosa hilo ni afisa. Mahakama yenyewe inatakiwa kupima kwa jicho la mtu mwenye busara anayeyajua matatizo ya uongozi wa kijeshi, na mwongozo unasema wazi kwamba si kila ukaribu wa afisa na askari ni kosa. Luteni anayecheza mpira na platuni yake Jumamosi hana kesi. Wala kapteni anayeketi na koplo kanisani au msikitini.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lina kanuni pana zaidi, namba 600-20, inayohusu ukamanda. Hiyo hutazama uhusiano wowote kati ya wanajeshi wa vyeo tofauti na kuukataza ukigusa lolote kati ya mambo matano: ukiathiri mamlaka ya msimamizi, ukileta upendeleo, ukitumia cheo kwa faida binafsi, ukiwa wa kunyonya au kushurutisha, au ukidhuru nidhamu, ari na uwezo wa kikosi kutimiza kazi. Kwa manne ya mwanzo haihitajiki hata madhara yathibitike; ikiwa wenzao wanaona hivyo kwa sababu ya msingi, imetosha.

Wengi hukasirishwa na hilo la "wenzao wanaona". Mtu aadhibiwe kwa macho ya watu? Nami ningekasirika kama lingekuwa la ofisini. Lakini itazame orodha ya zamu. Platuni iko ugenini, barabara imetegwa mabomu, na kila asubuhi luteni au sajenti wake huandika nani atakaa gari la mbele, nani atabaki getini, nani atapumzika. Tuseme luteni huyo ana mpenzi katika platuni. Huenda ni mwadilifu kabisa, na jina la mpenzi wake huingia gari la mbele kama majina ya wengine. Siku anayolipanga gari la tatu, kwa sababu yoyote halali, askari aliyepangwa la mbele atayasoma majina mara mbili. Akishaanza kuyasoma hivyo, amri inayofuata haitamfika kama amri. Jeshi linamtaka mtu aende pale anapoweza kufa kwa sababu tu ameambiwa aende. Haki ya kumwambia hivyo haistahimili hata tetesi za upendeleo, na hilo ndilo jambo ambalo kanuni inalikinga.

Ndiyo maana mapenzi ni sehemu tu ya makatazo. Kanuni hiyohiyo inataja biashara za kudumu, ikiwemo kukopa na kukopesha, na inataja kamari. Afisa anayedaiwa na askari wake dola 500 hawezi kumpa adhabu bila kila mtu kuuliza ni adhabu au ni njia ya kukwepa deni. Na akimsamehe, wataulizana ni huruma au ni riba. Kuuziana gari au nyumba mara moja kunaruhusiwa, kwa kuwa biashara huisha siku hiyohiyo. Kuishi chumba kimoja kunakatazwa, isipokuwa mazingira ya kazi yalazimishe.

Mipaka haikuwa hivi siku zote. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, jeshi la nchi kavu liliwaruhusu afisa na askari kuchumbiana ikiwa mmoja hakuwa chini ya amri ya mwenzake, wakati matawi mengine yalikuwa makali zaidi. Mwaka 1998 Waziri wa Ulinzi, William Cohen, aliagiza matawi yote yafuate msimamo mmoja. Kanuni mpya ilitoka 1999, na wapenzi waliokuwa katika uhusiano halali chini ya kanuni ya zamani wakapewa mpaka Machi 1, 2000: waoane au waachane. Ni amri nzito kuitoa kwa watu wazima, na sioni haya kusema iliwaumiza waliokuwa hawajamkosea yeyote. Mwaka 2014 uzio ukasogezwa tena, makatazo ya mapenzi, biashara na kamari yakaingia pia kati ya makoplo na masajenti kwa upande mmoja na askari wa chini yao kwa upande wa pili.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Mwaka 1996, katika kambi ya mafunzo ya Aberdeen, jimbo la Maryland, iligundulika kwamba wakufunzi kadhaa waliwadhulumu kingono kuruta wa kike waliokuwa mikononi mwao, na mmoja wa wakufunzi hao alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Kuruta hulala, huamka, hula na huenda msalani kwa ruhusa ya mkufunzi. Ridhaa ya mtu aliye katika hali hiyo haina uzito wa ridhaa. Tangu Januari 1, 2019 sheria ina kifungu chake kwa jambo hili, 93a, chenye adhabu ya hadi miaka 5, na ridhaa ya kuruta haikubaliwi kama utetezi.

Sasa Kiswahili. Tafsiri ya shina ingetupa "udugu", na huo ungekuwa msiba. Kwetu ndugu ni neno la heshima. Tanzania ilijengwa watu wakiitana ndugu, na jeshi lolote hutaka askari wapendane kama ndugu. Askari akiambiwa ameshtakiwa kwa udugu, ataona jeshi limerukwa na akili. Tafsiri ya haraka, "mapenzi kazini", inaacha nje deni, kamari na biashara, na inamtia hatiani kwa lugha mtu ambaye huenda hakumgusa mwenzake. "Urafiki" nao unapiga pasipostahili, maana kamanda mzuri huwajua askari wake kwa majina ya watoto wao.

Neno tunalo, na kila mama hulitumia: mazoea. "Usimletee mwalimu mazoea." "Huyu ameanza kunizoea." Yeyote aliyelelewa katika Kiswahili anajua hapo hatajwi uadui wala mapenzi, linalotajwa ni kuvuka mpaka wa heshima ambao nafasi ya mtu imeuweka, iwe kwa maneno, kwa pesa, kwa mwili au kwa utani. Kanuni za jeshi la majini la Marekani zenyewe hukataza uhusiano wa mazoea yaliyopita kiasi na yasiyoheshimu tofauti ya cheo. Kwa hiyo napendekeza mazoea ya kuvuka cheo. "Cheo" lazima kibaki ndani, kwa sababu bila cheo hakuna kosa. Nalo "kuvuka" linafaa pande zote mbili, aliye juu akishuka na aliye chini akipanda, ingawa ni yule wa juu anayebeba lawama kubwa zaidi.

Katika sentensi litakaa hivi: luteni ameshtakiwa kwa mazoea ya kuvuka cheo na askari wa kombania yake. Hata anayelisikia mara ya kwanza ataelewa, akiwa Mombasa, Bukavu au Columbus, Ohio. Wanajeshi wetu wamezoea kuuweka mpaka huo kwa neno moja, afande, lililotufikia kutoka Kituruki na ambalo hadi leo humkumbusha aliye karibu nawe kwamba ukaribu una kikomo.

Istilahi hii isibebeshwe yasiyo yake. Askari wawili wa cheo kimoja, kikosi kimoja, hakuna anayemsimamia mwenzake, wakipendana hawajafanya mazoea ya kuvuka cheo. Huenda wakakumbana na amri nyingine, kwa mfano zile zinazotolewa vitani kuhusu kuingia katika mabweni ya jinsia nyingine, na hizo ziitwe kwa jina lake: amri za kambi. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina hata utaratibu wa kuwapangia wanandoa wanajeshi vituo vya karibu pale inapowezekana. Na askari wawili waliooana wakiwa sawa, kisha mmoja akapata kamisheni, ndoa yao haiguswi. Kama walikuwa wachumba tu, kanuni inawapa muda maalumu wafunge ndoa au waachane.