Chachu rafiki: je, zinaweza kuzuia matunda yasioze?

Msimu wa maembe ukifika Bagamoyo, unanunua ndoo nzima kwa bei nafuu. Siku chache baadaye mengi yana madoa meusi, na mtoto anaomba embe. Je, umkatie upande mzuri?

Kwa nini tunda huoza?
Uozo mwingi huletwa na kuvu, yaani ukungu. Kuvu hupenya haraka palipochubuka au kupondeka. Kuvu wa madoa meusi huingia embe likiwa bado changa mtini, kisha hutulia hadi liive. Ndiyo maana embe zuri la sokoni hubadilika ghafla nyumbani.

Chachu rafiki ni nini?
Ni viumbe vidogo sana, jamii moja na hamira. Baadhi huishi kwenye ganda la tunda bila kulidhuru. Zikiwahi kufika kwenye jeraha la tunda, hula sukari na kujaza nafasi, hivyo kuvu hukosa chakula. Marekani na Ulaya zimetengenezwa kuwa dawa ya kunyunyizia matofaa na machungwa yaliyovunwa. Hukinga tu, haziponyi tunda lililokwisha kuoza.

Je, nitumie hamira ya maandazi?
Hapana. Si chachu ileile, na inaweza kuchachusha tunda.

Fanya hivi nyumbani
- Chagua matunda yasiyochubuka, yenye vikonyo. Hata nanasi la Kiwangwa, likague chini.
- Yatandaze kivulini penye hewa. Usiyafungie kwenye mfuko wa plastiki.
- Kagua kila siku, ondoa lililoanza kuoza.
- Yaoshe kwa maji safi unapotaka kula, si kabla ya kuyahifadhi.

Na lile embe la mtoto?
Likiwa limepondeka tu, kata sehemu hiyo, umpe lililobaki siku hiyohiyo. Likiwa na ukungu, majimaji au harufu ya pombe, litupe lote. Katika tunda laini ukungu husambaa ndani usikoonekana, na sumu ya baadhi ya kuvu haiishi kwa kupika.

Usiache kumpa matunda kwa hofu. Kuanzia miezi 6, embe bivu lililopondwa humpatia vitamini A.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na mpe ORS. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama au anashindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja.