Ladies First (riadha)

Ladies First ni mashindano ya riadha ya wanawake nchini Tanzania. Yalifanyika kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 2017 jijini Dar es Salaam, katika eneo la viwanja vya Taifa, wilaya ya Temeke. Huandaliwa na Baraza la Michezo la Taifa (BMT) kwa kushirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA). Washiriki hutoka katika mikoa ya Tanzania Bara na Zanzibar.

Lengo la mashindano ni kuwapa wanawake na wasichana nafasi ya kushindana katika ngazi ya taifa, na kuutumia mkusanyiko huo kuzungumzia elimu na afya ya mtoto wa kike.

Historia

Wazo la mashindano linahusishwa na Juma Ikangaa, mwanariadha wa zamani wa mbio za marathoni na balozi wa hisani wa JICA nchini Tanzania. Ikangaa alizaliwa mkoani Dodoma mwaka 1957 na alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane mwaka 1982, na mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York kwa muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 1.

Uhusiano wake na Japani ni wa miaka mingi. Mwaka 1983 alikuwa wa pili katika marathoni ya Fukuoka, akiachwa sekunde 3 na Mjapani Toshihiko Seko. Mwaka 1984 alishinda marathoni ya Tokyo, na mwaka 1986 akashinda ile ya Fukuoka. Kwa sababu hiyo jina lake linafahamika sana kwa wapenzi wa riadha wa Japani.

Baada ya mashindano ya kwanza ya mwaka 2017, Ladies First iliendelea mwaka 2018 na 2019.

Sababu za kuanzishwa

Tanzania ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1964, lakini kwa miaka mingi majina makubwa ya riadha yake yalikuwa ya wanaume. Medali mbili za Olimpiki ambazo nchi ilizipata huko Moscow mwaka 1980 zililetwa na Filbert Bayi, katika mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5000. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya Ladies First kuanza, timu ya Tanzania ilikuwa na wanamichezo 7. Wanawake walikuwa 2, na kati yao mwanariadha alikuwa mmoja tu, Sarah Ramadhani wa marathoni.

Hali hiyo haikutokana na ukosefu wa vipaji. Mwaka 1965 Theresia Dismas alipata medali ya fedha ya kurusha mkuki katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville. Hutajwa kama mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata medali ya kimataifa. Mwaka 2005 Zakia Mrisho alikuwa wa 6 katika fainali ya mita 5000 ya mashindano ya dunia huko Helsinki.

Katika mashindano ya pamoja, mkoa wenye nauli ya wachezaji wachache unaweza kuzijaza nafasi zote kwa wanaume. Mashindano ya wanawake peke yao huondoa uwezekano huo: mkoa unaotaka kushiriki hauna budi kutafuta wasichana, kuwafundisha na kuwasafirisha.

Michezo

Washiriki hushindana katika mbio fupi, mbio za kati na mbio ndefu za uwanjani. Kuna pia mbio za kupokezana vijiti na kurusha mkuki.

Mikoa ya nyanda za juu za kaskazini, hasa Arusha na Manyara, pamoja na Singida, ina sifa ya muda mrefu ya kutoa wakimbiaji wa masafa marefu. Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari na ina joto na unyevu mwingi, kwa hiyo wakimbiaji waliozoea baridi ya milimani hukutana na hali ngeni kwao. Novemba pia ni mwezi wa mvua za vuli katika pwani.

Elimu na afya

Ladies First haikuishia kwenye mbio. Waandaaji waliambatanisha nayo elimu kwa wasichana wa shule kuhusu mimba za utotoni, usafi wa hedhi na umuhimu wa kumaliza masomo.

Suala hilo lina uzito nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22. Mashindano yalipoanza, mwanafunzi aliyepata mimba alikuwa akiondolewa katika shule ya serikali. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu hiyo wanaruhusiwa kurudi masomoni. Michezo ya shule hupotea pamoja na shule: msichana anayeacha masomo huacha pia uwanja, mwalimu wa michezo na mashindano ya UMISSETA, ambako wanamichezo wengi huonekana kwa mara ya kwanza.

Mahali

Eneo la viwanja vya Taifa liko kata ya Miburani, kusini mwa katikati ya jiji. Hapo kuna viwanja viwili vikubwa. Uwanja wa Uhuru ndio wa zamani. Ndipo zilipofanyika sherehe za uhuru wa Tanganyika mwezi Desemba 1961. Jirani yake ni uwanja uliofunguliwa mwaka 2007 wenye nafasi ya watazamaji 60,000, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kwa wakazi wengi viwanja hivi vinajulikana zaidi kwa mechi za mpira wa miguu za Simba na Yanga.

Riadha ya wanawake baadaye

Katika miaka iliyofuata wanawake wa Tanzania waliendelea kuonekana katika mbio ndefu. Failuna Matanga alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Mwezi Septemba 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa 3 katika marathoni ya Berlin kwa muda wa saa 2, dakika 18 na sekunde 41, ambao ulikuwa rekodi mpya ya taifa kwa wanawake. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Tanzania ilipeleka wakimbiaji 4 wa marathoni: wanaume 2, na wanawake 2, Magdalena Shauri na Jackline Sakilu.

Tazama pia

Juma Ikangaa
Riadha
Temeke
UMISSETA
Uwanja wa Uhuru