Neetlaangw wa Chemchemi

Nilifundisha Kiingereza Katesh, chini ya Mlima Hanang, kwa miaka 23. Kila mwaka tulipofika kwenye misemo, Shetani wa Waingereza alijaa ubaoni. Heri Shetani umjuaye kuliko usiyemjua: huo wanafunzi waliushika mara moja, kwa kuwa Kiswahili kinasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukimtaja Shetani, hutokea: sisi mtu akiingia tukiwa tunamsema tunamwambia ana maisha marefu. Naupenda zaidi usemi wetu, maana anayetajwa anaombewa uhai.

Ugumu ulianza siku mtoto mmoja wa Kiiraqw alipouliza Shetani anaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Nusu ya darasa ilijibu kwa sauti moja: neetlaangw.

Bibi yangu wa Kainam asingekubali. Kainam iko nyanda za juu za Mbulu, katika eneo tunaloliita Irqwa Da'aw, chimbuko la Wairaqw. Kwake Mungu alikuwa Looaa, jina hilohilo la jua, na alimsema kama mama. Neetlaangw alikaa chini, kwenye chemchemi na mito. Alikuwa mkali, aliweza kuleta maradhi na kifo, na watu walimchinjia kondoo ili apoe. Lakini hakumshawishi mtu kutenda dhambi, wala hakuwa na moto wa milele. Alikuwa na makao yake, na makao hayo yaliheshimiwa. Bibi hakuniruhusu kunawia miguu kwenye chemchemi wala kupiga kelele pale.

Neno Shetani lilitoka Kiarabu, likapanda huku bara ndani ya Kiswahili, likakuta kanisa linahitaji jina la adui wa Mungu. Mbulu ilipofanywa jimbo la Kikatoliki mwaka 1953, na Wanorwe wa Kilutheri walipofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955, Wairaqw waliobatizwa walikuwa wakizidi kuongezeka. Miongoni mwao neetlaangw akawa ndiye Shetani. Mimi ni Mkristo, nilibatizwa mtoto, na bado naona hapo tulimwonea.

Ndiyo maana msemo niliokaa nao muda mrefu zaidi darasani ulikuwa wakili wa Shetani. Huo una historia ya kweli. Mwaka 1587 Papa Sixtus wa Tano alithibitisha ofisi ya padre wa kupinga kila anayependekezwa kuwa mtakatifu: kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro, watu wakamwita wakili wa Shetani. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo wa Pili aliubadilisha utaratibu mzima wa kesi hizo, na wadhifa ule ukapoteza nguvu zake. Karibu miaka 400 Kanisa lilimpa mtu kazi hiyo ili kusiwe na hukumu ya upande mmoja. Neno neetlaangw lilipohukumiwa, nani aliulizwa? Wazee waliochinja kondoo mtoni walikuwapo, tena wengi.

Chemchemi ya bibi ingali inatoa maji. Miti iliyoizunguka imekatwa, na mara ya mwisho nilikuta kijana akioshea pikipiki pale pale yanapochimbuka. Nilimsalimu, nikamsaidia kuisogeza hadi chini ya njia. Kisha nikavua viatu mbali, nikateka.