Uzi wa Kaboni Uliosubiri Kazi Miaka Mia Moja

Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze historia.

Mwaka 1911 Michael Potter, profesa wa botania wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alitumbukiza elektrodi za platini ndani ya hamira na bakteria, akapata umeme. (Elektrodi ni ile ncha ambapo umeme huingia au kutoka.) Mwaka 1931 Barnet Cohen wa Johns Hopkins, Marekani, aliunganisha vyombo vingi vya bakteria akafikisha volti 35. Lakini mkondo wenyewe? Miliampia 2 tu! Hata balbu ya tochi za zamani haiwaki.

Sisi waandika programu twaujua ugonjwa huu. Una mifumo miwili mizuri, ila haisemezani. Kiumbe kina elektroni na chuma kinazitaka, lakini hazivuki kwa urahisi, na mahali pa kukutania ni padogo.

Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walipendekeza kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi ili kupima sukari. Hapo ndipo ilipoanzia mashine ya sukari anayotumia shangazi yangu kila asubuhi. Kile kipande anachodondoshea damu kina elektrodi, na mara nyingi elektrodi hizo ni za kaboni: rahisi, na haina ukorofi na damu.

Sasa sikiza. Huko Marekani, mwaka 1889, Hughes na Chambers walikuwa wamepata hataza ya kuotesha nyuzi za kaboni kutokana na gesi. Mwaka 1952 Warusi Radushkevich na Lukyanovich walichapisha picha za nyuzi kama hizo, nyembamba ajabu, zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni. Lakini ni miaka ya 2000 ndipo maabara kama Oak Ridge, Tennessee, zilipoziotesha wima juu ya chembe za nikeli, kama nywele za brashi, kila uzi mwembamba mara mamia kuliko unywele wako. Eneo dogo likapata nafasi tele ya vimeng'enya kukaa.

Je, kazi imeisha? La. Eneo likiongezeka, ishara huongezeka, lakini na kelele za umeme nazo huongezeka. Ukipanua mlango, hata nzi huingia. Kwa shangazi, ambaye huamua kipimo cha insulini kwa ile namba, ishara kubwa isiyo safi haisaidii kitu.

Kwa hiyo ukisikia neno "nano" kwenye tangazo, usiulize ni dogo kiasi gani. Uliza: linasikia vizuri zaidi?