Ngwe: kazi iliyopimwa kabla ya kuanza

Programu za kusimamia miradi, kama Trello, Asana na Jira, zote zimejengwa juu ya kitu kimoja kidogo ambacho Kiingereza hukiita "task": kadi yenye maelezo ya kazi, jina la mtu na tarehe. Watafsiri wengi wameipa jina la "kazi" au "jukumu". Mimi napendekeza tuiite ngwe, hasa programu hizo zinapotumika kusimamia watu wasioajiriwa: fundi, mpulizia dawa, mchora ramani, mhariri wa video anayelipwa kila anapokabidhi.

Ngwe ni sehemu ya shamba anayopimiwa mtu ailime. Kabla jembe halijagusa ardhi, mipaka imeshaonekana na ujira umeshatajwa. Akimaliza saa nne asubuhi au saa kumi jioni, hilo ni lake. Neno hili halijafa: watangazaji wa mpira kila mwaka hutuambia ligi imeingia ngwe ya lala salama. "Jukumu" halina ukingo, maana mwalimu mkuu ana jukumu la shule hata akiwa amelala. Na "kazi" ni pana mno. Mtu huomba kazi, huipata, huachishwa. Mtu wa nje hapewi jukumu wala haajiriwi. Anapewa ngwe.

Tazama msimu wa kupulizia dawa mikorosho kusini mwa Tanzania, huko Newala, juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na Masasi, chini upande wa magharibi. Mikorosho inapochipua na kutoa maua katika miezi ya kiangazi, ubwiriunga huingia: utando mweupe kama unga juu ya machipukizi na maua, na ua lililoshikwa sana hukauka bila kutoa korosho. Kinga iliyozoeleka ni salfa ya unga, inayorudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa umetulia. Mashine ya mgongoni ni ghali, hivyo asiye nayo humwita mwenye nayo, na huyo ana mashamba mengine yanayomsubiri alfajiri hiyo hiyo.

Kadi inayosema "kupulizia, Jumanne" haimsaidii yeyote. Ngwe ingeandikwa hivi: raundi ya pili, mikorosho 60, kuanzia barabarani hadi kwenye mwembe, salfa ya mwenye shamba, mashine na petroli za mpulizia, mwenye shamba anakagua asubuhi hiyo hiyo, malipo siku ya ukaguzi. Hayo yote yanaenea kwenye skrini ya simu. Korosho zenyewe zina karatasi zake tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007: zikifika ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika, kila kilo ina pa kuandikwa. Jasho la mpulizia aliyeziokoa zikiwa bado maua linastahili maandishi pia.

Ujenzi wa madarasa unaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, kamati ya shule hununua saruji, mabati na nondo, kisha humpa fundi wa eneo mkataba wa ufundi tu. Mfumo wa serikali wa NeST, ambao tangu Oktoba 2023 ndio njia ya ununuzi wa umma nchini, umewafikia hata mafundi hawa, nao hutakiwa kujisajili humo ili wapate kazi. Lakini mkataba ukishasainiwa, ugomvi huanzia kwenye maneno. Fundi anasema msingi umekamilika kwa sababu mawe yamefika usawa. Kamati inasema bado, kwa kuwa kifusi hakijashindiliwa na jamvi halijamwagwa. Hakuna mwongo hapo. Ngwe haikupimwa. Mtu aliyeandika "msingi" kwenye kadi na kuishia hapo ameacha mpaka wazi, na wa kuulipia mpaka huo mara nyingi ni fundi, kwa siku mbili tatu za kazi ya bure.

Kuna sababu nyingine ya kulishikilia neno hili, nayo ni ya kisheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa dalili hata moja kati ya kadhaa itaonekana: namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vitendea kazi, anamtumikia mtu mmoja tu, au amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mkataba umeitwaje, haijalishi. Kwa hiyo msimamizi anayewasha kipima saa ndani ya programu na kumtaka mtu wa nje awe mtandaoni kuanzia saa mbili anajenga uhusiano wa ajira kwa mikono yake mwenyewe. Upwork, kwa mikataba ya saa, ina programu inayopiga picha skrini ya mfanyakazi kila baada ya kama dakika kumi. Huko ni kumsimamia mtu. Ngwe husimamia kilichokubaliwa.

Wapo watakaolitumia neno hili vibaya, wakate ajira ya mwaka mzima vipande vipande ili wakwepe likizo, notisi na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Kifungu hicho hicho kinawasubiri. Mlinzi anayekesha getini kila usiku hana ngwe. Ana ajira, na aandikwe hivyo.

Kisarufi neno halisumbui: ngwe hii, ngwe hizi, tunapima ngwe, tunagawa ngwe, tunakagua ngwe. Linalosumbua ni ubao. Ubao uliozoeleka wa Trello una safu tatu, ambazo kwa Kiswahili ni "za kufanya", "zinafanywa" na "zimekwisha". Kwa watu wenye mshahara zinatosha, kwa kuwa malipo yao yana njia nyingine. Kwa fundi wa Newala, "zimekwisha" huficha mambo matatu tofauti, na kila moja lipewe safu yake: imekabidhiwa, imekaguliwa, imelipwa. Kwenye safu ya mwisho iandikwe pia kodi ya zuio ya asilimia 5 iliyokatwa kwenye malipo ya huduma, ili kiasi anachokiona kwenye simu yake kilingane na kile alichokisoma kwenye kadi.