Jiko lisilo na moshi: kutoka jiwe la moto mpaka kipakiti cha kutu

Kimya changu kimekuwa kirefu, mniwie radhi. Leo nataka kuwasimulia habari ya baridi. Ndiyo, baridi, tena ya Omani! Najua wengi wenu mkisikia Omani mnalifikiria jua la Maskati la mwezi wa Juni. Nami nilikuwa hivyo hivyo nilipotoka Unguja kuja kuishi hapa Ibra. Koti langu moja nilimwachia mdogo wangu, nikamwambia ninakokwenda halina kazi.

Majira ya baridi ya kwanza tulipanda Jabal Akhdar, mimi, mke wangu, mtoto wetu mchanga na shemeji yangu. Unapita Nizwa, ukifika Birkat al-Mawz unaanza kupanda, na huruhusiwi kupita bila gari la kuvuta magurudumu yote manne. Juu kule Saiq ni kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mchana ulikuwa mzuri ajabu. Jua lilipozama, jamani, meno yakaanza kugongana yenyewe.

Tukafanya ujinga ambao watu wengi wameufanya. Makaa tuliyochomea mishikaki yalikuwa yameshaiva mekundu, hayatoi moshi hata kidogo, tukaliingiza jiko ndani ya hema na kufunga zipu. Usiku wa manane mke wangu akaamka kumnyonyesha mtoto. Kichwa kinampasuka. Alipojaribu kusimama akaanguka, lakini Mungu bariki mkono wake ukaifikia ile zipu. Tulitoka tunatambaa, tunatapika. Mtoto alilia baada ya muda niliouona kama mwaka mzima. Kesho yake daktari akatueleza kuwa makaa yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na humuua mtu akiwa usingizini. Wasomaji wangu wa Njombe, Makete na Limuru wanaijua habari hii kuliko mimi. Kule nako jiko huingizwa chumbani na watu wasiamke.

Tangu siku ile nikawa mdadisi: watu wa zamani walijipashaje joto?

Kwanza nikagundua kwamba Kiswahili chetu chenyewe kinaijua baridi ya huku. Chukua neno bushuti, lile vazi zito la sufi. Limetoka kwenye bisht ya Waarabu. Pwani yetu haina baridi ya kumvalisha mtu sufi, lakini neno lilivuka bahari pamoja na wenyewe. Au chukua kaskazi. Kwetu kaskazi ni miezi ya joto, Disemba mpaka Machi, watu wanalala barazani. Upepo huo huo ndio uliosukuma majahazi ya Sur kuja Unguja, na wanapoondokea majahazi hayo miezi hiyo ndiyo ya baridi! Babu zetu wa Ibra na Sur waliacha usiku wa baridi nyuma yao, wakateremka na upepo hadi kwenye joto, kisha wakarudi na kusi. Sisi tuliozaliwa upande wa pili tulirithi neno, tukasahau baridi yenyewe.

Huku waliobaki walikuwa na sufi, kuni za mgunga na chetezo cha makaa ya udi. Mabedui wa mchanga wa Sharqiyah mpaka leo huota moto nje, chini ya nyota, na moshi unakwenda zake. Angalieni neno hilo: nje.

Baridi ya Jabal Akhdar imo hata katika vitabu vya vita. Katika miaka ya 1957 hadi 1959 wafuasi wa Imamu Ghalib bin Ali, pamoja na nduguye Talib na Sheikh Sulaiman bin Himyar, walijichimbia juu ya mlima ule dhidi ya majeshi ya Sultani Said bin Taimur na Waingereza. Mwishoni mwa 1958 Waingereza walileta kikosi cha SAS kutoka misitu ya Malaya, nchi ya joto na mvua. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 1959 walipanda mlima usiku kucha na mizigo mgongoni, na kulipokucha wakawa juu. Fikirieni: kwenye vita vya usiku mtu hawezi kuwasha moto, maana moto ni kusema "niko hapa". Wa juu na wa chini wote walibaki na nguo zao na jasho lao tu.

Hapo ndipo nilipoelewa taabu ya miaka yote. Binadamu anataka joto la moto, lakini hautaki moto wenyewe: moshi wake, mwanga wake na sumu yake.

Waliohangaika sana na jambo hili ni Wajapani. Zamani walipasha jiwe moto, wakalifunga kwa kitambaa na kulitia kifuani ndani ya nguo. Jiwe halina sumu, ila linapoa. Baadaye, karne ya 17 ikielekea ukingoni, wakatengeneza kijikebe cha chuma chenye jivu maalumu linaloungua polepole. Kinakaa saa nyingi, lakini bado ni kitu kinachoungua. Mwaka 1923 bwana mmoja, Niichi Matoba, akaanza kuuza kikebe chenye platinamu na mafuta mepesi ya jamii ya benzini. Mvuke wa mafuta ukigusa platinamu hutoa joto bila mwali wa moto. Mwishowe, mwaka 1978, kampuni ya Lotte, hao hao wa chingamu, wakaingiza sokoni kipakiti kiitwacho Hokaron, unakitumia mara moja na kukitupa.

Ndani yake kuna nini? Nilipasua kimoja nikaona unga mweusi tu. Ni unga wa chuma, chumvi, maji kidogo, unga wa mkaa, na madini ya kushika unyevu. Ukifungua karatasi ya nje hewa inaingia, na chuma kinaanza kushika kutu. Basi! Kutu yoyote hutoa joto, ila bati la nyumba linachukua miaka, joto lake hulisikii. Unga huu unashika kutu kwa saa nane, kumi, hata zaidi.

Nilicheka peke yangu. Chuma, chumvi, unyevu na hewa ni mambo yale yale yaliyokula mabati ya nyumba yetu kule Unguja, marehemu baba akiilaani bahari kila mwaka anaponunua mapya. Kumbe adui wa baba ndiye leo anampasha joto mjukuu wake mlimani.

Lakini msikidharau kitu hiki. Kinaweza kuzidi nyuzi 50, na hata nyuzi 44 zikikaa mahali pamoja usiku kucha huunguza ngozi. Usikiweke juu ya ngozi tupu, usikilalie, na usimpe mtoto mchanga wala mzee mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Na kikishaisha rudi nacho nyumbani, usiwaachie watu wa mlima takataka zako.

Mwaka uliofuata tulipanda tena Saiq. Mimi na mke wangu tulikuwa na vipakiti mifukoni, kila mmoja viwili. Mtoto tulimvalisha sufi, akalala katikati yetu. Jiko lilibaki nje, na mke wangu alitoka mwenyewe kulimwagia maji mpaka makaa yakaacha kulia. Kisha akaacha zipu wazi kiasi cha kiganja, baridi ikiingia, na hakuna aliyethubutu kumwambia afunge.

Haya, nawaaga kwa leo. Mlioko kwenye baridi popote mlipo, jiko lenu limelala wapi usiku huu?