Rangi na Jirani Yake: Hoja Kutokana na Chapa za Josef Albers

Anayeeleza chapa ya sanaa dhahania ya kijiometri mara nyingi huanza kwa kuorodhesha: mraba wa manjano, ndani yake wa kijivu, ndani zaidi wa manjano iliyopauka. Orodha hiyo huichukulia rangi kuwa mali ya umbo lililoibeba, kama uzito ulivyo mali ya jiwe. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Katika chapa hizi rangi ni uhusiano, na umbo limerahisishwa kiasi hicho ili uhusiano uonekane bila kizuizi. Ushahidi ulio imara kuliko wote umo katika kazi za Josef Albers, hasa zile zilizochapwa.

Albers, Mjerumani aliyezaliwa Bottrop mwaka 1888, alifundisha katika shule ya sanaa ya Bauhaus mpaka ilipofungwa mwaka 1933, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1950 alianza mfululizo wa Homage to the Square, akauendeleza hadi kifo chake mwaka 1976, ukapita kazi elfu moja. Mpangilio haubadiliki sana: miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine, yote ikielemea chini. Kwa kuwa umbo ni lilelile, tofauti tunayoiona kati ya kazi moja na nyingine haina budi kutokana na rangi. Hata hivyo, mchoro wa rangi ya mafuta bado una mikwaruzo ya kisu na unene usio sawa, na mwenye shaka anaweza kudai kwamba jicho limedanganywa na hayo. Uchapaji wa skrini unaifunga njia hiyo. Wino husukumwa kwa kipande cha mpira kupitia kitambaa kilichonyooshwa, ukalala karatasini tambarare na sawasawa. Ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 1963, Interaction of Color, kilitolewa na mabamba yaliyochapwa kwa skrini. Tuchukue jaribio la aina aliyoifundisha: vipande viwili vidogo vya wino uleule wa rangi ya udongo, kimoja juu ya manjano, kingine juu ya buluu iliyokolea. Kile cha kwanza huonekana kizito, karibu na zambarau. Cha pili hung'aa na kuelekea rangi ya chungwa. Zifunike rangi za pembeni kwa karatasi yenye matundu mawili, na vipande vinakuwa ndugu wa tumbo moja.

Mtu wa maabara atapinga: wino hupimika kwa kifaa, na kipimo ni kimoja kwa vipande vyote viwili, basi rangi ni moja, na kinachotofautiana ni kosa la mtazamaji. Pingamizi hili lina uzito, lakini linakichukulia kipimo cha mwanga kuwa ndicho rangi yenyewe. Lilijibiwa tangu mwaka 1839 na mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika karakana za ufumaji za Gobelins, Paris. Yalipofika malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, alichunguza akakuta dawa ya rangi haina kasoro: weusi ulipungukiwa nguvu kwa sababu ya nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa kandokando yake. Kosa lenye kanuni, linalotokea kwa watazamaji wengi na linaloweza kutabiriwa kabla ya kufuma, si kosa tena. Ni namna kuona kunavyofanya kazi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nami naliheshimu: kwamba miraba inaikausha rangi, inaitenga na vitu vinavyoipa maana. Kiswahili kinaonekana kulitetea. Mashina matatu ya asili ya rangi, -eupe, -eusi na -ekundu, ndiyo yanayopokea viambishi vya ngeli. Rangi nyingi zilizobaki tunaziita kwa kuazima vitu: kijani, majivu, chungwa, maziwa. Lakini kuazima huko kunaonyesha pia jinsi jina lilivyo legelege. Kipande chetu cha rangi ya udongo kilibaki na jina moja, huku jicho likiona rangi mbili. Na hata baada ya mtazamaji kuthibitisha kwa karatasi yake ya matundu kwamba wino ni mmoja, akiiondoa tu, vipande vinaachana tena mbele ya macho yake.